Mafunzo ya walimu kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi na mauaji ya kimbari: uchague yapi?

Shule ikipata nafasi ya kupeleka walimu kwenye mafunzo ya somo hili, maswali yanayotangulia huwa ni siku ngapi na nani analipa nauli. Ni maswali ya haki, ila yanawahi mno. Kabla yake kuna swali zito zaidi: mwalimu akirudi, mnataka aweze kufanya nini ambacho leo hawezi? Chini ya majina yanayofanana kuna mafunzo ya aina mbili. Ya kwanza humfundisha mwalimu historia: jinsi Wanazi wa Ujerumani na washirika wao walivyowaua Wayahudi wapatao milioni sita, na pengine jinsi mauaji mengine ya kimbari yalivyotokea. Ya pili humfundisha kukabiliana na chuki dhidi ya Wayahudi iliyo hai sasa hivi, ile inayotoka kinywani mwa mwanafunzi wa miaka 15 katikati ya kipindi. Wengi hudhani ukichukua ya kwanza, ya pili unapewa kama nyongeza. Hupewi.

Tazama England. Huko Maangamizi ya Wayahudi (yaani mauaji hayo ya Wanazi, Holocaust) yamo katika mtaala wa taifa kwa lazima tangu 1991. Lakini utafiti mkubwa uliotolewa na chuo kikuu cha UCL cha London mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 68 ya wanafunzi wa sekondari waliohojiwa hawakujua maana ya chuki dhidi ya Wayahudi, na wengi walimwona Hitler kuwa ndiye peke yake mwenye kubeba lawama. Hawa si watoto walionyimwa somo. Walilipata, wakatoka nalo bila kujua kwa nini waliolengwa walikuwa Wayahudi.

Historia, au chuki ya leo?

Tuwaweke walimu wawili mbele ya sentensi moja. Mwanafunzi ananyoosha mkono, wala hana ubaya usoni, anauliza: "Lakini mwalimu, si ni kweli Wayahudi ndio wenye benki zote na vyombo vya habari?"

Mwalimu wa kwanza amepita mafunzo mazuri ya historia. Anazijua sheria za Nuremberg za 1935, zilizowanyang'anya Wayahudi wa Ujerumani uraia. Anaujua usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa kote Ujerumani na Austria. Anaijua ripoti ya Karl Jäger, afisa wa SS, kikosi cha Wanazi, ya tarehe 1 Desemba 1941, iliyoorodhesha mauaji ya Lithuania kijiji kwa kijiji na kufikia jumla ya watu 137,346. Basi atajibu kwa alicho nacho: atasema maneno kama hayo ndiyo yaliyofikisha watu Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Ni kweli, lakini mwanafunzi hakuuliza mambo yaliishia wapi. Aliuliza kama habari aliyosikia ni sahihi, na bado hajajibiwa. Ataondoka akiamini kuwa jambo hilo ni kweli, ila limekatazwa kusemwa. Kwa uzushi wa aina hii, hakuna matokeo mabaya kuliko hayo.

Mwalimu wa pili amefundishwa chuki yenyewe inavyofanya kazi. Anajua kwamba Ulaya ya zama za kati Wayahudi walizuiwa kazi nyingi na vyama vya mafundi, huku kanisa likiwakataza Wakristo kukopesha kwa riba, na kwamba hapo ndipo picha ya "Myahudi na fedha" ilipopata mizizi. Anaijua pia habari ya zile zinazoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, zilizochapishwa Urusi mwaka 1903 kama siri ya Wayahudi kutaka kutawala dunia. Gazeti la *The Times* la London lilionyesha mwaka 1921 kwamba zilinakiliwa kutoka kijitabu cha kejeli cha mwaka 1864 kilichomlenga Napoleon III, kijitabu ambacho hata hakikuwazungumzia Wayahudi. Yeye ataanza kwa kuuliza: umeisikia wapi? "Zote" maana yake ngapi? Kwa nini anayetaka kuzungumzia benki aanze na dini ya mwenye benki? Na jambo moja hatalifanya: hatakaa kuhesabu ni wakurugenzi wangapi wa benki ni Wayahudi. Ukishaanza kuhesabu umelikubali swali, na idadi yoyote utakayopata, darasa litaiona kubwa.

Kwa hiyo mafunzo ya pili ndiyo bora? Yakiwa peke yake, hapana. Mwalimu asiye na historia hugeuka mhubiri. Anasema chuki ni mbaya, darasa linaitikia ndiyo, kengele inalia. Siku mwanafunzi akija na video inayodai idadi ya milioni sita ilitungwa baada ya vita, atabaki na hasira tu. Hapo anahitaji kujua kwamba ushahidi mwingi uliandikwa na wauaji wenyewe, kama ile ripoti ya Jäger, na kwamba wahanga nao waliandika. Katika ghetto la Warsaw, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya shajara, matangazo, takwimu za njaa hata kadi za mgao wa chakula, wakazifukia ardhini ndani ya masanduku ya bati na madebe ya maziwa. Sehemu moja ilifukuliwa mwaka 1946, nyingine 1950.

Kuna sababu nyingine ya kutofunika yote kwa semina ya jumla ya "kupinga ubaguzi". Ubaguzi mwingi humchora anayebaguliwa kuwa duni: mchafu, mjinga, mvivu. Chuki dhidi ya Wayahudi hufanya hivyo pia, lakini mara nyingi humchora Myahudi kuwa mwenye nguvu za siri, anayevuta kamba nyuma ya pazia. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayerudia uzushi huu hajioni kama mbaguzi. Anajiona anawatetea wanyonge. Mwezeshaji asiyelijua hilo atakuja na somo la "tusiwadharau wengine", na mwanafunzi atashangaa, kwa kuwa yeye hakumdharau mtu.

Maangamizi peke yake, au mauaji ya kimbari kadhaa?

Uamuzi wa pili ni wa upana. Taasisi kama Yad Vashem ya Jerusalem au kituo cha UCL hujikita kwenye Maangamizi ya Wayahudi. Facing History and Ourselves, iliyoanza Massachusetts mwaka 1976, hutumia historia hiyo na nyingine kuuliza jinsi watu wa kawaida wanavyofanya maamuzi. Taasisi ya USC Shoah ya Marekani, iliyoanzishwa 1994 kukusanya sauti za manusura wa Maangamizi, ina shuhuda zaidi ya 55,000, na sasa zimo pia za Rwanda, Armenia, Kambodia na Nanjing ya China. Kumbukumbu ya Gisozi, Kigali, iliyofunguliwa 2004 na walipozikwa watu zaidi ya 250,000, inafundisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi huku ikiwa na sehemu inayoonyesha mauaji ya kimbari ya mahali pengine.

Mafunzo ya tukio moja yana kina. Mwalimu anatoka akijua nani aliamua nini, lini, na nani angeweza kukataa. Hatari yake ni kuyafanya mauaji yaonekane ajali ya kipekee ya Wajerumani wa miaka ya 1940, jambo lisilogusa mtu mwingine yeyote. Mafunzo ya kulinganisha yanaiondoa hatari hiyo na kuleta nyingine: kupita Waherero na Wanama wa Namibia wa 1904 hadi 1908, Waarmenia wa 1915, Wayahudi, Kambodia, Rwanda na Srebrenica ya Bosnia kwa siku moja, hadi yote yanakuwa orodha ya maiti. Mbaya zaidi ni pale ulinganisho unapogeuka mashindano ya nani aliumia zaidi. Jumba la makumbusho la Maangamizi la Washington linawaonya walimu waziwazi wasilinganishe maumivu, na mwezeshaji yeyote anayestahili muda wenu atawaambia hilo asubuhi ya kwanza.

Ulinganisho unaofaa ni wa namna mambo yalivyofanyika. Nitoe mmoja ninaoupenda, kwa sababu unaingia kwenye vipindi viwili na kuacha maswali ya kutosha kwa cha tatu. Julius Streicher alikuwa mchapishaji wa *Der Stürmer*, gazeti lililowachora Wayahudi kama wadudu na wanyonya damu kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuongoza jeshi wala kambi. Mahakama ya Nuremberg ilimtia hatiani kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, akanyongwa Oktoba 1946. Kisha Rwanda: gazeti la *Kangura* lilichapisha "amri kumi" dhidi ya Watutsi Desemba 1990, na redio RTLM ikaanza kutangaza mwaka 1993, ikiwaita Watutsi mende. Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo na mhariri wa *Kangura*. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini haikuwaachia huru.

Mpe mwanafunzi kesi hizo mbili sambamba. Kwa nini hukumu ya Streicher haikutaja mauaji ya kimbari? Kwa sababu kosa hilo halikuwa limewekwa kisheria: Raphael Lemkin alilitungia jina mwaka 1944, na mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Mahakama ilitofautisha vipi kashfa, chuki na uchochezi wa moja kwa moja? Mhariri alijua nini, na lini? Hapo hakuna anayepima maumivu ya nani. Kinachopimwa ni jinsi maneno yanavyotayarisha mikono. Mkipewa programu ya mafunzo, ombeni muone zoezi lao moja la kulinganisha. Likiwa jedwali la idadi ya waliouawa, tafuteni kwingine.

Rwanda ina funzo jingine kwa anayechagua. Baada ya 1994 somo la historia lilisimamishwa shuleni kwa muda, na liliporudi, waliolifundisha walikuwa watu walioyapitia: manusura, watoto wa waliouawa, ndugu wa waliofungwa. Mafunzo ya mwalimu wa namna hiyo hayawezi kuanza na tarehe. Yanaanza na yeye mwenyewe, anabeba nini anapoingia darasani. Programu nyingi za mbali na eneo la tukio hudhani mwalimu ni mtu asiyehusika, hana upande wala jeraha. Hilo si kweli popote, maana hata mwalimu ambaye hajawahi kukutana na Myahudi ana picha kichwani aliyoipata mahali fulani.

Safari, warsha, mtandao au kikundi

Safari ndiyo inayotamaniwa. Kuna kozi za siku kadhaa Yad Vashem, kwenye kituo cha elimu cha makumbusho ya Auschwitz-Birkenau, Kigali, na katika nyumba ya Wannsee jijini Berlin, ambayo tangu 1992 ni kumbukumbu na mahali pa semina. Siwezi kuzibeza. Ukubwa wa Birkenau hauingii kwenye slaidi. Tena kozi hizo huleta wanahistoria ambao hutawapata kwingine, na maswali yako yanajibiwa na mtu aliyezisoma nyaraka zenyewe.

Lakini safari humbadilisha aliyesafiri, na darasa lake lilibaki nyumbani. Mwalimu hurudi na picha za viatu na miwani, anazionyesha akiwa na uchungu wa kweli, na wanafunzi wanaona viatu. Alichokipata kwa kutembea saa nzima kwenye baridi hakihamishiki kwa projekta. Kabla ya kumpeleka mtu, ulizeni ratiba ina saa ngapi za kutembelea na saa ngapi za kutayarisha somo. Saa za kutayarisha somo zikiwa chini ya robo, hiyo ni ziara. Ni ziara yenye maana, lakini isihesabiwe kama mafunzo ya ualimu.

Isitoshe, vitu bora vya maeneo hayo vinasafiri vyenyewe. Chukua ukurasa wa sita wa muhtasari wa kikao cha Wannsee cha tarehe 20 Januari 1942. Watu kumi na watano, wengi wao maofisa wa serikali na chama wenye elimu ya juu, walikaa kama saa moja na nusu kujadili utekelezaji wa kile walichokiita suluhisho la mwisho, yaani kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya. Nakala thelathini zilitengenezwa. Iliyosalimika ni moja, ya kumi na sita, na ilipatikana mwaka 1947 kwenye mafaili ya wizara ya mambo ya nje. Ukurasa huo una orodha ya nchi, na mbele ya kila nchi kuna tarakimu.

Warsha nzuri humpa mwalimu ukurasa huo bila kichwa cha habari na kumwambia asome. Wengi watasema ni sensa. Kisha macho yanaanza kukwama. Uingereza, 330,000: lakini Ujerumani haikuwa imeiteka Uingereza. Ireland, 4,000. Uswisi, 18,000. Hizo hazikuwa hata vitani. Albania, 200. Kuna mtu ofisini aliyeketi akahakikisha kwamba watu mia mbili wa Albania hawasahauliki. Halafu Estonia, ambayo haina tarakimu, ina maneno tu: haina Wayahudi. Kwa nini haina? Kwa sababu waliobaki huko walikuwa wameshauawa. Chini kabisa jumla inapita milioni kumi na moja. Hakuna damu kwenye ukurasa huo wala picha ya kutisha, na mwanafunzi wa miaka 14 anaweza kuusoma bila kuumizwa. Anachokiona ni karani, mashine ya chapa na mpango. Zoezi hilo linafanyika katika chumba chochote chenye meza, kwa asubuhi moja, na mwalimu anaweza kulirudia wiki inayofuata kama alivyofanyiwa.

Hapo ndipo warsha ya shuleni inaishinda safari. Safari inachukua mtu mmoja, warsha inachukua chumba kizima cha walimu. Na chumba kizima kinahitajika, kwa kuwa maneno ya chuki hayasubiri kipindi cha historia. Yanatokea kwenye hesabu, uwanjani, kwenye kundi la simu la darasa. UNESCO pamoja na ofisi ya haki za binadamu ya OSCE, shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya, walilielewa hilo. Mitaala yao ya mafunzo ya mwaka 2020 kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi ina vitabu vinne: walimu wa msingi, wa sekondari, wa vyuo vya ufundi, na wakuu wa shule. Mkuu wa shule amewekewa chake kwa sababu yeye ndiye atakayeamua kama mchoro wa swastika, alama ya Wanazi, chooni ni utundu wa kufutwa kimyakimya au ni jambo la kusemwa. Vitabu hivyo vinapatikana bure. Sina hakika kuna kingine chenye faida kubwa hivyo kwa gharama ya kuchapisha tu.

Udhaifu wa warsha unajulikana: siku moja, chai, vyeti, picha ya pamoja, na Jumatatu kila mtu yuko alipokuwa. Dawa yake si siku ya pili mfululizo. Ni kikao cha pili baada ya wiki kadhaa, walimu wakiwa wameshafundisha somo moja na kuja na kilichoharibika.

Mafunzo ya mtandaoni yanatosha kwa maarifa, na hapo sina mengi ya kuongeza. Echoes and Reflections, inayoendeshwa tangu 2005 na ADL (shirika la Marekani la kupinga chuki dhidi ya Wayahudi), Yad Vashem na USC Shoah, hutoa kozi na vifaa bila malipo kwa walimu wa Marekani. Jukwaa la IWitness la USC Shoah lina shuhuda zilizokatwa kwa matumizi ya darasani. Jumba la Washington nalo limeweka miongozo yake wazi kwa yeyote. Kasoro ya mafunzo ya mtandaoni ni kwamba hakuna anayekusikia ukijibu. Unaweza kumaliza kozi kwa alama zote na bado ukashikwa na kigugumizi mbele ya lile swali la benki. Ila sharti moja nalisisitiza kwa mafunzo ya aina yoyote: yawe na sehemu ya mitandao ya kijamii. Ripoti ya UNESCO na Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 ilikuta kwamba asilimia 16.2 ya machapisho kuhusu Maangamizi kwenye mitandao iliyochunguzwa yalikana au kupotosha historia hiyo, na kwa Telegram ilikuwa karibu nusu. Kozi inayomfundisha mwalimu kusoma hati ya 1942 na kumwacha bila neno mbele ya kichekesho cha picha kilichotumwa jana usiku imemwandaa nusu.

Halafu kuna kikundi cha walimu, kisicho na tangazo wala nembo. Walimu wanne au sita, mara moja kwa mwezi, mwaka mzima. Mmoja analeta andalio la somo, mwingine anakuja na sentensi iliyomshinda, wanajaribu majibu kwa sauti. Ndicho ninachokiamini zaidi kwa upande wa chuki ya leo, kwa kuwa ustadi unaohitajika ni wa kuzungumza, na kuzungumza hakufundishwi kwa kusikiliza. Lakini kikundi kisicho na mtu hata mmoja aliyesoma historia kwa kina huishia kubadilishana maoni.

Suala la Israel, na fasili inayotumika

Hili mafunzo mengi hulikwepa, na wanafunzi hawalikwepi, hasa tangu Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia Israel na vita vya Gaza vikaanza. Mwezeshaji aulizwe mapema anatumia fasili gani ya chuki dhidi ya Wayahudi. Ile ya 2016 ya IHRA, muungano wa kimataifa wa kumbukumbu ya Maangamizi, ndiyo iliyopokelewa na serikali nyingi. Ina mifano kumi na moja, mingi ikiihusu Israel, na yenyewe inasema kwamba kuikosoa Israel kama nchi nyingine yoyote inavyokosolewa hakuhesabiwi kuwa chuki dhidi ya Wayahudi. Wakosoaji wake wanadai hutumika kuwanyamazisha wanaowatetea Wapalestina. Kutokana na mjadala huo, kundi la wasomi lilitoa Azimio la Jerusalem mwaka 2021, lenye miongozo kumi na mitano inayojaribu kuchora mpaka huo kwa namna nyingine.

Sitawaambia mchague ipi. Nitasema tu kwamba mafunzo yanayojifanya mjadala huo haupo hayamsaidii mwalimu, na yanayotumia siku nzima humo yameacha somo. Anachohitaji ni kuweza kutenganisha sentensi tatu zinazoweza kusemwa darasani ndani ya dakika moja: "Serikali ya Israel imefanya kosa Gaza", "Wayahudi ndio walivyo", na "yule mwanafunzi Myahudi atueleze kwa nini wanafanya hivi". Ya kwanza ni siasa, ijadiliwe kwa hoja na ushahidi. Ya pili ni chuki. Ya tatu husemwa kwa upole, na humbebesha mtoto mmoja dhamana ya dola nzima. Mwezeshaji asiyeweza kuzifanyia mazoezi zote tatu bila kupandisha sauti hafai.

Ya kukataa hata yakiwa ya bure

Mafunzo yanayopendekeza mchezo wa kuigiza, nusu ya darasa Wayahudi na nusu walinzi, kataeni. Yad Vashem, IHRA na jumba la Washington wote wanashauri dhidi ya maigizo hayo. Watoto hujifunza kufurahia au kuogopa, na wote hudhani sasa wanajua ilivyokuwa. Vivyo hivyo ujenzi wa vielelezo vya kambi na mafumbo ya maneno. Yanayotegemea picha za maiti kushtua darasa pia yana kasoro: picha nyingi kati ya hizo zilipigwa na wauaji au baada ya vita kwisha, na aliyemo hana jina. Mtihani mwepesi ni kuuliza ratiba ina muda gani kwa maisha ya Wayahudi kabla ya 1933, shule zao, magazeti yao, ugomvi wao wa kisiasa. Wakionekana kwa mara ya kwanza wakiwa kwenye foleni, mwanafunzi atawakumbuka kama watu waliozaliwa kufa.

Ningechaguaje

Kwa walimu wa shule ya msingi ningechukua warsha ya UNESCO na OSCE ya ngazi hiyo na kuachana na kozi za historia ya mauaji. Jumba la Washington linaona somo la Maangamizi linawafaa wanafunzi wa kuanzia darasa la sita, na makumbusho ya Auschwitz hayashauri walio chini ya miaka 14 kuitembelea. Mwalimu wa wadogo anahitaji kujua namna ya kukatiza uzushi na kusimulia maisha ya familia moja.

Kwa idara ya historia ya sekondari inayoanza mwanzo, historia itangulie: kozi ya mtandaoni ya kina kwa wote, kisha warsha moja ya nyaraka, na Rwanda au Armenia iingie mwaka wa pili, walimu wakishaweza tukio moja. Shule iliyokwisha kupata tukio, iwe mchoro ukutani au mwanafunzi kuitwa jina la matusi, igeuze mpangilio huo. Ianze na mafunzo ya chuki ya leo kwa wafanyakazi wote akiwemo mkuu, na ndani ya wiki chache, kwa sababu wanafunzi wanaangalia watu wazima watafanya nini.

Na kama nafasi ni moja tu ya safari, msimpe kama zawadi mwalimu mwenye shauku kuliko wote. Mpeni anayeweza kuwafundisha wenzake, na kabla hajaondoka aandike kwenye karatasi kikundi kitakutana lini akirudi na ataleta hati ipi mezani. Tarehe hiyo iingie kwenye kalenda ya shule kabla ya tiketi kukatwa.